Watu wananunua, kamisheni haiingii: jinsi nilivyotatua

Viungo vyangu vya kamisheni (anwani za bidhaa zinazonilipa mtu akinunua kupitia kwangu) vilikuwa vinabofywa, wengine wananunua kabisa, lakini kwenye akaunti yangu mauzo yanasoma sifuri. Nikafungua kiungo kimoja kwenye dirisha la faragha la kivinjari, nikasoma anwani ilipoishia. Kipimo hiki nakiamini kuliko ripoti yoyote. Mwishoni paliandikwa:

?rangi=nyeusi?ref=duka7

Alama mbili za kuuliza! Programu ya kufupisha viungo ilikuwa inabandika ?ref= na msimbo wangu, duka7, hata pale anwani inapokuwa tayari na alama hiyo. Inayotambulika kama mwanzo wa maelezo ya ziada ni ile ya kwanza tu, kwa hiyo msimbo wangu ulimezwa ndani ya rangi. Ya pili nikaigeuza kuwa &, alama inayotenganisha maelezo hayo, nikajaribu tena:

?rangi=nyeusi&ref=duka7

Oda iliyofuata ikasomeka kwangu.