Siku Moja ya Fundi wa Simu katika Mji Mkongwe wa Lamu

Mimi ni fundi wa simu. Meza yangu ya kazi iko katika chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, nyuma kidogo ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na wateja wangu wengi ni wanawake wenzangu. Wageni kutoka bara huniuliza kama kazi hii yapatikana katika mji ambao mizigo yake bado hubebwa na punda, nami huwajibu kwamba ipo, tena ya kutosha, kwa sababu kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi hakizihurumii simu hata kidogo. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi, ambayo usiku wake mtaa wetu ulikuwa na shughuli ya kumtia bi harusi hina.

Saa kumi na moja alfajiri

Misikiti ya jirani ilikuwa bado yapokezana adhana wakati simu ya mavyaa, mama mkwe wangu, ilipoanza kuadhini na yenyewe chini ya mto. Simu hiyo ina kisa chake. Alipoipata, mavyaa aliomba awekewe kengele ya saa kumi na moja, na mjukuu wake, ambaye ni mtoto mtiifu, akaandika kumi na moja kama alivyoagizwa, akachagua na usiku kwa kuwa nje kungali giza. Kengele ikalia saa tano za usiku. Mavyaa akatia udhu, akaamsha nyumba nzima, na baba mkwe akatembea mpaka mlango wa msikiti akaukuta umefungwa. Simu huhesabu saa zake kuanzia usiku wa manane, nasi twahesabu zetu kutokana na kuchomoza na kuzama kwa jua. Na kwa mji ulio digrii 2 hivi kusini mwa ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, naiona hesabu yetu kuwa na akili zaidi. Nilimwekea programu ya nyakati za swala, ambayo hukokotoa alfajiri kutokana na mahali jua lilipo kwa mji husika, na tangu wakati huo mavyaa na simu yake huamka pamoja.

Saa moja asubuhi

Tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, na tulikaa hapo kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Wazee waliozijenga walitafuta ubaridi na sitara, wakavipata vyote viwili. Lakini mawimbi ya redio yanayobeba sauti ya simu hudhoofika kila yanapopenya ukuta mzito wa namna hiyo. Kwa hiyo katika chumba cha ndani kabisa, ambacho zamani ndicho kilichokuwa cha siri, simu imekufa, na anayetaka kuzungumza na mtu hana budi kutoka aende kiwandani, ambako nyumba nzima yamsikia. Baba mkwe alipozungumza na wazee wa Faza juu ya posa ya shemeji yangu, alisimama hapo hapo karibu na kisima, na kila alipositasita kwenye mahari, mavyaa alimsaidia kwa sauti kutoka jikoni. Sote tulizijua hesabu za mahari kabla ya bwana harusi mwenyewe. Mimi nayapenda mambo hayo. Nyumba ambayo mazungumzo yake yote hupitia mahali pamoja ni vigumu watu wake kutengana, hata wakitaka.

Asubuhi hiyo ulikuwa umeingia ujumbe wa sauti wa ami aliyeko Maskati, ambako saa zao zimetutangulia kwa saa moja. Ami ni mtu wa adabu za kale. Huanza kwa kumsalimu mkubwa wa nyumba, akashuka kwa kila mtu kwa jina lake mpaka mtoto anyonyaye, akauliza hali ya paka, kisha ndipo aingie katika habari zenyewe. Mavyaa humjibu hatua kwa hatua, "Alhamdulillahi, ami, sote tu wazima," na hungoja kidogo kabla ya kuiruhusu sauti iendelee. Binti yangu mkubwa, ambaye tayari alikuwa amevaa sare ya shule na mkoba mgongoni, alimwonyesha bibi yake kwamba tangu mwaka 2021 WhatsApp inakuwezesha kuusikiliza ujumbe kwa mwendo wa mara mbili. Mavyaa aliisikia sauti ya shemeji yake ikikimbia, akanyosha mkono akaizuia.

"Mkubwa akisalimu haharakishwi," akasema. "Irudishe nyuma, aanze upya."

Ikarudishwa nyuma. Watoto walikwenda shule ami akiwa bado kwenye jina la nne.

Saa tatu asubuhi

Mteja wa kwanza alikuwa nahodha wa mashua ya abiria wa Mokowe, ng'ambo ya bara, mtu wa makamo, aliyeingia amebeba bakuli la mchele kwa mikono miwili. Simu yake ilikuwa imezikwa humo ndani. Ilimponyoka ikaanguka majini jioni iliyotangulia alipokuwa akifunga kamba gatini, naye akafanya kama alivyoambiwa na kila abiria aliyekuwapo.

"Nimeilaza kwenye mchele usiku kucha, mwanangu," akaniambia. "Mke wangu asema mchele wenyewe ni pishori, naye autaka kabla ya adhuhuri."

Habari ya mchele imeenea dunia nzima, na natamani ingeenea pia habari ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya takriban gramu 35. Maji yakikauka, iwe kwa mchele au kwa jua, chumvi yake hubaki juu ya bodi ya simu, na chumvi yenye unyevu, ikikutana na umeme wa betri, hula shaba mpaka njia za umeme zikatike. Kwa hiyo adui wa simu iliyoanguka Lamu ni muda, na anayeisubiri ikauke humwongezea adui huyo muda wa kula. Afadhali mtu aizime papo hapo, asijaribu kuichaji wala kuiwasha ili aone kama ingali nzima, aitoe betri ikiwa yatoka, kisha ailete kwa fundi siku hiyo hiyo hata kama inadondoka maji. Maneno haya nimeyaandika kwa mkono na kuyabandika ukutani, na manahodha kadhaa wameyapiga picha.

Niliifungua, nikaitenga betri, nikaisafisha bodi kwanza kwa maji yasiyo na madini ili chumvi iyeyuke, kisha kwa spiriti ili maji yenyewe yaondoke, nikaisugua kwa mswaki laini huku nikiitazama kwa hadubini. Kutu ya kijani ilikuwa imeanza karibu na tundu la chaji lakini haijafika mbali. Nahodha alikaa kimya muda wote huo, akizitoa punje za mchele zilizojipenyeza kwenye kifuniko na kuzirudisha bakulini moja moja. Simu ilipowaka, ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa mkewe, akiuliza mchele uko wapi. Tulicheka sote wawili, naye akaondoka mbio, simu mfukoni na bakuli kifuani.

Saa tano asubuhi

Huu ndio wakati wanawake hutoka, wakiwa wameshamaliza kazi za asubuhi na hawajainjika chungu cha mchana, na ndio wakati wa kueleza kwa nini huja kwangu. Simu ya mwanamke wa mji huu ina picha za harusi alizopigwa bila buibui, sauti za dada zake, mashairi aliyoandikiwa na mumewe alipokuwa safarini, na madeni ya chama. Kumwachia kijana wa dukani simu ya namna hiyo usiku kucha, pamoja na nambari ya siri iliyoandikwa kwenye karatasi, ni jambo ambalo wengi hawakuweza kulikubali, na simu zilizoharibika zikawa zalala kabatini miaka mizima. Mimi simwombi mteja nambari yake. Aketi mbele yangu, aifungue mwenyewe, na kama kamera yahitaji kujaribiwa napiga nayo picha ya zidaka, yaani vishubaka vilivyo ukutani kwangu, kisha yeye ndiye aifutaye. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nami nafurahi kwamba ipo, lakini wanawake wa Lamu walikuwa na kipimo chao kabla yake: simu ni amana, na aliyepewa amana haichungulii.

Miongoni mwa waliokuja siku hiyo alikuwa bibi mmoja jirani ambaye skrini yake ilikuwa na ufa, na nilipokuwa nikimbadilishia kioo alinisimulia habari iliyonifurahisha kuliko zote za wiki hiyo. Mtu asiyemjua alimpigia akadai kwamba amemtumia shilingi elfu tatu za M-Pesa kimakosa, na kwamba azirudishe upesi. Hila hiyo ni kongwe sasa. Huduma yenyewe ilianza mwaka 2007 na walaghai hawakuchelewa kuifuata. Bibi hakukata simu. Alimwitikia vizuri, kisha akamuuliza, "Wewe u mtoto wa nani, mwanangu?" Yule mtu akataja jina. Bibi akataka jina la babu yake. Akataka kujua mama yake ni wa mji gani, kama ni wa Pate au wa Siyu, wamesoma kwa ustadhi yupi, na kama ana uhusiano na watu fulani wenye mashamba ya minazi kule Hindi, upande wa bara wa Lamu, kwa sababu sauti yake yafanana na yao. Mlaghai alijitahidi kujibu mpaka alipofika kwa mama mzaa bibi, akakata simu mwenyewe.

Nilimwambia bibi kwamba amefanya vyema, nikamwongezea kwamba jambo la kwanza ni kutazama salio lake mwenyewe bila kuuamini ujumbe alioletewa, na kwamba mtu aliyekosea kweli kutuma pesa huupeleka ujumbe wake wa malipo kwenye nambari 456 na kuomba zirudishwe, bila haja ya kumsumbua mtu yeyote. Bibi alisikiliza yote, kisha akasema bado atamuuliza babu yake ni nani.

Saa saba mchana

Swala, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na usingizi mfupi. Mji mzima hunyamaza wakati huo, na simu nazo huonekana kujua.

Saa tisa alasiri

Stima ilipotea nilipokuwa na pasi ya kuchomelea mkononi, nikaiweka kando na kushika kazi zisizohitaji umeme. Alikuja mzee kutoka Matondoni, seremala wa majahazi, amefuatana na mjukuu wake. Tayari alikuwa ameshaihesabu simu yake miongoni mwa marehemu, kwani siku nzima ilikataa chaji. Nililimulika tundu la chaji kwa tochi na kuona limejaa vumbi la mbao, lililoshindiliwa kila alipochomeka waya, mpaka chuma cha waya hakigusi tena chuma cha simu. Kijiti chembamba cha mti kinatosha kwa kazi hiyo, na ni bora kuliko sindano ambayo yaweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana. Vumbi lilitoka kidogo kidogo, nikachomeka waya wa betri yangu ya akiba, na alama ya chaji ikaonekana. Sikutoza kitu. Mzee aliikusanya ile takataka kwenye kiganja, akainusa, akaniambia sehemu moja ni mbamba kofi na nyingine ni mwembe, na kwamba mwembe ule ni wa mashua aliyoimaliza kabla ya Ramadhani.

Saa mbili usiku

Katika shughuli za wanawake hapa kwetu simu haziingii. Wanawake huvua mabuibui, hucheza, hupambwa, na hakuna anayetaka picha yake ionekane kesho mikononi mwa watu wasiomhusu. Mama wa bi harusi aliniomba nikae mlangoni nizikusanye, kwa kuwa, alivyosema, nimeshazoea kuzishika bila kuzifungua. Nilizibandika vipande vya karatasi vyenye nambari, kila mwenye simu nikampa nambari yake, nikazipanga kwenye kapu kubwa la ukili.

Sikuwa nimefikiria kwamba zingelia. Moja iliita kwa kaswida, nyingine kwa sauti ya jogoo, nyingine kwa kilio cha mtoto kilichowafanya akina mama watatu waje mlangoni kwa pamoja. Waume waliobaki nyumbani na watoto walikuwa na maswali mengi, na waliposhindwa kupokelewa walitumia njia ya zamani ya mji huu: waliwatuma watoto. Mvulana wa miaka minane hivi alifika akihema, amekuja mbio kutoka Langoni, akasema, "Baba auliza maziwa ya mtoto yako wapi." Nyuma yake akaja msichana kuuliza ufunguo wa kabati, na nyuma ya msichana huyo akaja mwingine, aliyesahau alichotumwa.

Nilimwita mama wa yule mvulana. Alitoka amekwisha kutiwa hina mikono yote miwili, mbichi kabisa, hawezi kushika simu wala simu isingekitambua kidole chake, na mtoto alikuwa ameshageuka kuwatazama wapiga matari. Akanitajia nambari ya mumewe, nikampigia kwa simu yangu, nikamshikia sikioni, naye akamweleza mumewe kwamba maziwa yako kwenye mkebe wa buluu, rafu ya juu, nyuma ya sukari, na kwamba akishayateleka motoni asiondoke jikoni hata kwa dakika moja.