Kibubu cha mwanzi

Niko Taipei kimasomo. Jumapili mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka 70 na ushei, kanishika mkono: twende. Nikadhani hekaluni, kufumba macho na kunusa ubani. Kumbe ni kituo cha kuchambua taka cha Tzu Chi, shirika la hisani la Kibudha!

Nikapewa chupa za maji. Unafungua kifuniko, unakata ile pete ya plastiki inayobaki shingoni, nyeupe huku, za rangi kule. Nyingine huishia kuwa mablanketi ya waliokumbwa na maafa. Baada ya saa mbili kiuno kinawaka, yeye wala! Nikamuuliza kutafakari ni saa ngapi. Akacheka: "Si ndiyo unafanya sasa?"

Kwenye chai akanisimulia mwanzo wa Tzu Chi: Hualien, mashariki mwa Taiwan, 1966, mtawa Cheng Yen na akina mama wa nyumbani 30, kila mmoja akitia senti 50 kwa siku kwenye kipande cha mwanzi. Kibubu kabisa, kama cha bibi yangu Tanga, ila hiki kilikuwa cha kusaidia maskini na wagonjwa.

Vidole bado vinanuka soda. Jumapili ijayo naenda na glavu zangu.