Imla ya Jioni Bunda

Shule zilipofungwa nchini Tanzania Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, mpwa wangu alikuwa ameanza darasa la kwanza Januari ya mwaka huohuo, na kufikia hapo alikuwa anazijua irabu tano, konsonanti kadhaa na silabi za mwanzomwanzo. Mama yake, ambaye ni mdogo wangu, alimleta Bunda, mkoani Mara, kwa bibi yake ili yeye aendelee na biashara. Mimi nilikuwa hapo nyumbani wakati huo, na kazi ya kumfundisha ikawa yangu bila kikao chochote, kwa kuwa kila mtu mwingine alikuwa na jembe au mzigo wa kushughulikia.

Sisi tulifundishwa kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu darasa zima, na wapo tuliomaliza mwaka tukiimba vizuri bila kuitambua b ikiwa peke yake. Tangu 2015 masomo ya madarasa mawili ya mwanzo yamejengwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na mwalimu wa mtoto huyu alikuwa ameshamzoesha kuitaja herufi kwa sauti yake. Nikaona ni afadhali niendelee pale alipoachia mwalimu. Nilikata boksi la sabuni vipande vipande, nikaandika silabi juu yake, na kwa siku kadhaa tukawa tunazipanga sakafuni kuunda maneno.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile ya imla ya kwanza, mwezi wa Aprili. Tulikuwa barazani, mtoto amelala kifudifudi juu ya mkeka, daftari mbele yake, na mama yangu ameketi kwenye kigoda akipepeta choroko. Niliamua maneno yote yatokane na vitu tulivyokuwa tunaviona: ungo, kinu, mchi, jiko, choroko. Alipofika kwenye ng'ombe aliandika bila alama ya juu, nami nikamwomba asome alichoandika kwa sauti ya mwanzo wa neno ngoma. Alicheka, akaichora alama hiyo kubwa kuliko herufi zote.

Kisha nikamuuliza mtoto bibi anafanya nini, akajibu kwamba anasafisha choroko. Mama hakukubali.

"Mura, kusafisha ni vyombo. Hapa ninapepeta."

Akalirusha ungo taratibu, makapi yakaruka mbele, punje zikarudi nyuma. Hapo somo likahama mikononi mwangu. Alieleza kwamba kupepeta ni kutoa makapi kwa upepo wa ungo, kuchekecha ni kupitisha unga kwenye chekeche ili chenga zibaki juu, na kuchambua ni kutumia vidole kutoa mawe na punje zilizooza. Akamwita mtoto aje achambue mwenyewe, na kila kijiwe kilipopatikana alilitaja tena neno lenyewe. Ninaamini kabisa kwamba msamiati wa vitendo hauingii kichwani mwa mtoto kwa picha za kitabuni. Unaingia akiwa na kitu mkononi na mtu mzima anayejua kazi yake pembeni. Maneno hayo matatu niliyaongeza kwenye imla, na yote akayapata, hata chekecha, lenye ch mbili.

"Ukimariza kuchambua, unapika, inakuwa chakura," mama akahitimisha.

Mtoto akaandika bila kuambiwa: chakura.

Nilipomwonesha herufi ya kubadilisha, alishangaa kweli. "Lakini, mjomba, bibi amesema chakura."

Alikuwa amesikia sawasawa. Lugha ya kwanza ya mama ni Kikurya, na ulimi wake huipendelea r pale ambapo wengine husema l. Walimu hupenda kusema kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini ni lazima kuuliza kinavyotamkwa na nani. Usanifishaji wa Kiswahili uliegemezwa kwenye Kiunguja, yaani lahaja ya Unguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mtoto wa Bunda anayeandika kwa uaminifu kile anachosikia nyumbani anawekewa alama ya kosa.

Sikutaka kumwambia kwamba bibi amekosea. Nilimletea kioo kidogo cha kunyolea, nikamwambia aitamke l na kuivuta kadiri awezavyo, atazame ncha ya ulimi inavyotulia nyuma ya meno ya juu. Kisha aitamke r, auone ulimi ukitikisika. Tukasema kalamu, tukasema karamu, yeye akinyanyua kadi ya silabi la au ra kulingana na alichosikia. Mama alikuwa akitutazama kwa utulivu, na baadaye akanyoosha mkono.

"Nipeni na mimi hiyo daftari."

Mtoto ndiye aliyemsomea, kwa lafudhi ya ualimu kabisa: chakula, kalamu, malaika, mlango. Mama aliandika polepole, herufi zimesimama wima, kila l mahali pake. Mtoto alikagua mara mbili, akainua uso.

"Bibi, wewe unasema chakura lakini umeandika chakula!"

"Mdomo ni wa kwetu," mama akasema. "Mkono urisomeshwa."

Alijifunza kusoma akiwa ameshaolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Kanda ya Ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo cha watu wazima ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vyao vilihusu kazi walizozifanya, kilimo cha pamba kikiwemo, na mama anasema aliandika pamba mara nyingi kuliko alivyoandika jina lake. Kwa hiyo tahajia yake hakuipata kwa sikio hata kidogo. Aliipata kwa macho na kwa kunakili. Kuanzia kesho yake nilianza kumpa mtoto mistari ya kunakili kabla ya imla, jambo ambalo nilikuwa nimelidharau kama mtindo wa zamani.

Jioni ile mtoto alimpa bibi yake vema nne na kumwandikia "Vizuri sana", z ikiwa imegeuka nyuma. Kisha akaniletea mimi daftari na kusema kwamba shuleni kazi haikubaliwi bila saini ya mzazi au mlezi, nami nikamsainia mama.