Mgeni wa likizo Dar, anza na kadi ya mwendokasi

Nimetoka kituo cha Gerezani sasa hivi, cha mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake. Dirisha la tiketi lina foleni ndefu, mwenye kadi anagusa geti anapita.

Ila kadi ya mwendokasi si pasi ya kutwa. Unajaza salio, kila safari inakatwa nauli yake. Kwa hiyo ukifikia Masaki au Mikocheni, usijaze nyingi: huko ni daladala, na konda anataka pesa mkononi, tena noti ndogo.

Ukilala Magomeni au Kimara, kadi inakufaa kabisa. Ukishuka Kivukoni, pantoni ya Kigamboni iko jirani.

Na soma ubao wa basi! Ekspresi inaruka vituo, wa Magomeni anajikuta Ubungo.

Wenyeji, mgeni wa wiki moja mnamshauri ajaze shilingi ngapi?