Kovu zuri lisikudanganye

Tanga, Jumamosi jioni. Maji yametoka Raskazone, vijana wanacheza mpira mchangani, na mawazo yangu yako kwa waliopasuliwa tumbo wanaotamani kurudi uwanjani.

Kinachowaponza ni kovu zuri. Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi, nyuzi zikatolewa, mtu akajiona mzima. Chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, na kwa aliyepasuliwa katikati, wiki ya 6 utando huo una kama nusu tu ya nguvu zake. Ukilazimishwa huachia polepole. Ngiri ya mshono, yaani utumbo kusukumwa nje kupitia pale utando ulipoachia, inaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, mtu hakumbuki tena alikosea siku gani.

Ndiyo maana naiogopa ndoo kuliko mpira. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wiki 6 za mwanzo kikomo ni kilo 4 au 5. Kujikamua chooni nako ni mzigo: maji ya kutosha, papai, mboga. Kuamka kitandani usijinyanyue chali. Kunja magoti, geuka ubavu mabega na nyonga kwa pamoja, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kumbatia mto juu ya mshono.

Kutembea ndiyo mazoezi ya kwanza, dakika 5 mara tatu au nne kwa siku, hadi zifike 30 mfululizo. Baharini usiingie mpaka kidonda kikauke kabisa, kisiwe na ukoko wala unyevu. Baiskeli, ambayo kwa mtu wa Tanga ndiyo miguu yenyewe, nayo ingoje wiki 6 au zaidi. Hatari yake ni kurusha mguu juu ya keria, breki ya ghafla, usukani kukuchoma tumboni. Anza njia tambarare, bila abiria wala gunia.

Mbio zije kati ya wiki ya 8 na ya 12, daktari aliyekupasua akikubali: kimbia dakika 1, tembea 2, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mpira wa kugongana usubiri miezi 3 au zaidi.

Kabla ya mazoezi ya tumbo, lala chali, inua kichwa. Katikati ya tumbo pakituna kama mtumbwi uliopinduliwa, zoezi hilo bado si lako. Uvimbe unaotokeza ukisimama na kurudi ukilala, mwoneshe daktari. Uvimbe ukiwa mgumu na kuuma, au wewe ukitapika, nenda hospitali saa hiyohiyo.