Korongo wa nondo

“Vyangu? Mimi nilikuwa nachomelea vilivyovunjika.”

Tangu Jumamosi maneno haya ya Baba hayajanitoka. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake: wakaguzi wametua ofisini, na mahari ya mdogo wangu imepelekwa Tanga ikapokelewa, alhamdulillah. Lakini nikikaa kwenye daladala ni sauti ya Baba tu ninayoisikia.

Mnajua tangu ahamie kwetu hapendi kutoka. Safari hii alikubali kwa sababu ya mjukuu wake. Tulikwenda Nafasi, kituo cha sanaa kule Mikocheni, Dar es Salaam, maana kitindamimba wangu alitaka kushiriki kazi za watoto. Wasanii wapo pale tangu 2008, na karakana zao ni makontena ya meli yaliyotobolewa milango na madirisha. Baba alipoyaona makontena akachangamka. Nadhani alitarajia picha za kuuziwa watalii, akakuta harufu ya chuma kilichoungua.

Watoto wakaketishwa mkekani na maboksi, uji wa unga wa kugundishia na rangi. Sisi tukazunguka kwenye maonyesho. Picha kubwa za ukutani Baba alizipita kwa heshima, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Nje ya kontena moja akasimama. Palikuwa na korongo wa chuma mrefu kunishinda: miguu ya nondo, shingo ya mnyororo wa pikipiki, mabawa ya sahani za klachi. Baba akainama, akapitisha kidole gumba kwenye goti la yule ndege.

“Hapa umekimbiza mkono.”

Kijana aliyekuwa anafanya kazi akavua miwani. “Shikamoo, mzee. Umeona nini?”

“Marahaba. Juu panang’aa, ndani hapajashikana. Akianguka atavunjika hapahapa.”

Kijana hakununa. Alichuchumaa, akapatazama, akamuuliza alifanya kazi wapi. Baba akamwambia: karakana ya reli, Morogoro, mabehewa.

“Na vyako mwenyewe, mzee? Ulitengeneza nini?”

Hapo ndipo Baba akajibu vile, huku akijifuta kidole kwenye suruali.

Nimeigeuzageuza sauti yake kila upande. Kuna wakati naisikia kama fahari, maana behewa likifufuka linabeba watu na mizigo, si jambo dogo. Usiku naisikia kama majonzi. Nyumbani nilimuuliza taratibu, “Baba, uliwahi kutamani?” Akaniambia niongeze sauti, taarifa ya habari inaanza.

Kilichoniuma ni kwamba yule kijana alimuuliza swali ambalo sisi watoto wake sote hatukuwahi kumuuliza. Tulimjua kwa ovaroli na mshahara. Na mikono ileile ya fundi ndiyo inayofanya sanaa hapa kwetu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, miaka ya 1960 mwishoni, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, vitu vya dukani kabisa. Hakungoja apewe turubai. Ndiyo maana nawapenda wale wanaowafungulia watoto milango ya makontena: mtoto anaona cheche, anaona ndege anatoka kwenye chuma chakavu, na hakuna anayemfukuza.

Jana usiku nikiwa naanika nguo nikakumbuka jua.

Nyumba yetu ya Morogoro, dirisha la sebuleni, nondo zake hazikunyooka kama za majirani. Katikati kulikuwa na jua, duara lenye miali, na mwali mmoja mfupi kuliko mingine. Tulikuwa tunaning’iniza rozari ya Bibi, Mungu amrehemu, kwenye ule mfupi. Nikampigia simu Mama, ambaye bado yuko Tanga na wakwe.

“Lile jua la dirishani, nani alimwagiza Baba?”

“Aagizwe na nani? Alilichora kwa chaki sakafuni siku ya mapumziko, nikamgombeza kwa kuchafua sakafu.” Akacheka mpaka akakohoa.

Nilirudi ndani nikamkuta Baba amesinzia kwenye kiti, nikakaa karibu yake nikifurahi peke yangu. Wapangaji bado wanalo dirisha lile. Nimemwomba mama mpangaji anipigie picha, nitampelekea yule kijana, kama Baba ataridhia.

Kuna jambo jingine. Pale mkekani kitindamimba alipaka samaki wake rangi uso ukiwa karibu kugusa boksi. Nilidhani ni furaha. Leo nimemwangalia akisoma, daftari liko puani. Kadi yake ya bima imeisha muda mwezi uliopita na ofisini wanasema orodha mpya haijapitishwa. Kesho nitaomba ruhusa nimpeleke apimwe macho kwa fedha taslimu, ingawa wakaguzi bado wapo na bosi hapendi mtu atoke.