Si kila ganzi ni baridi

Hapa Njombe baridi inasingiziwa mengi. Mgongo ukiuma ni baridi, mtoto akikataa uji ni baridi, na vidole vikifa ganzi ndiyo kabisa, hakuna hata wa kuuliza. Ni kweli mwezi wa sita na wa saba ukienda kufungua kibanda alfajiri, vidole havishiki hata ufunguo. Lakini ganzi ya baridi ukiipa moto inaondoka. Ile inayokuamsha saa nane usiku ukiwa chini ya mablanketi mawili ina mambo yake.

Yangu ilikuwa ya namna hiyo. Mimi ni fundi cherehani, na msimu wa sare za shule nashinda na mkasi mkononi. Usiku mkono wa kulia ukawa unachomachoma, naukung'uta mpaka unatulia, nalala tena. Wateja kila mmoja na dawa yake ya kuchua. Daktari wa kituo cha afya hakuanza na dawa. Aliuliza, "Dada, ni vidole vipi hasa?" Nikamwonyesha gumba, cha shahada na cha kati. "Na hiki kidogo?" Hicho kilikuwa kizima. Akaniambia nikunje vifundo vya mikono, migongo ya viganja iguzane, nikae hivyo dakika moja. Dakika haikuisha, vidole vikaanza kuwaka.

Kumbe mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo ulikuwa umebanwa, na huo ndio unaohudumia vidole hivyo vitatu na nusu ya kile cha pete. Kidole kidogo kina mshipa mwingine, ndiyo maana alikiuliza. Huwapata sana wanaotumikisha mikono, wajawazito na wenye kisukari. Nikapewa kibao cha kunyoosha kifundo, nakifunga wakati wa kulala, na kukata vitambaa nikamwachia msaidizi wangu. Nilionywa jambo moja: nikianza kuangusha vifungo, au nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kunywea, nirudi upesi, kwa kuwa mshipa ukibanwa muda mrefu unaweza usipone vizuri.

Ganzi ya mama yangu ndiyo inayonitia hofu. Ana kisukari cha muda mrefu. Kwake ilianzia vidole vya miguu, yote miwili, ikapanda sawasawa kama soksi. Kandambili inabaki mlangoni, yeye anaendelea na safari. Sasa huku kwetu jioni kila mtu anasogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Tukasikia harufu ya nailoni inaungua, tukaanza kutafuta mfuko, kumbe ni soksi ya mama. Yeye yuko katikati ya kusimulia msiba wa jirani, hana habari. Tulipoivua, lengelenge lilikuwa limeshatuna pembeni ya kisigino. Kidonda kisichouma hakitunzwi, na watu wa kisukari wengi wamekatwa miguu kwa kuanzia padogo hivyo. Siku hizi anakaa mbali na jiko, maji ya kuoga yanapimwa na mtu mwingine, na kila jioni namkagua nyayo, yeye akilalamika kwamba namfanya mtoto.

Kuna ganzi nyingine hazingoji kukuche. Ikishika ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakataa kutoka, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Tafuta gari, acha kuchua. Mtu akibeba lumbesa ya viazi, mgongo ukamshika, kisha akafa ganzi sehemu za siri na pale anapokalia, au mkojo ukagoma, aende hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ganzi inayopanda kutoka miguuni kwa siku chache huku miguu ikilegea. Hiyo inaweza kufika mpaka kwenye pumzi.

Baka la ngozi lisilohisi kitu ni suala tofauti. Halina dharura ya usiku, ila lisifichwe. Linaweza kuwa ukoma, nao unatibika na dawa zake hutolewa bure.

Ukienda, beba dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za TB huleta ganzi, na vidonge vya kisukari vya metformin vikitumiwa miaka mingi vinaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari, atajua cha kuongeza au kubadilisha. Na pombe itaje, maana nayo inakula mishipa ya fahamu. Mjomba wangu alipoulizwa kuhusu ulanzi alijibu, "Kidogo tu, daktari, wakati wa msimu." Shangazi, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akasema msimu wenyewe ukiisha anahamia kwenye komoni.